Akidi ya Wanawake Wawili

Nilikuwa bibi maendeleo mkoani Ruvuma hadi kustaafu, na kila nilipopangiwa kijiji kipya jambo la kwanza nililoomba ni kitabu cha mihtasari. Vile vya zamani vinafanana sana. Kufungua kikao, yatokanayo, taarifa ya mwenyekiti, mengineyo, kisha sentensi ile ile: wajumbe walikubali kwa kauli moja. Waliokubali ni akina nani, nani alinyamaza, nani aliondoka kabla ya ajenda ya ardhi, kitabu hakisemi.

Mkoa wetu ulikuwa na mfano mwingine mapema kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa kiongozi wao, walianzisha kijiji cha Litowa. Vijiji vingine vikafuata na kuungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Mipango ya kazi na mgawanyo wa mapato waliijadili wenyewe mkutanoni, wala hakuna aliyewaletea maamuzi kutoka wilayani. Mwalimu Nyerere aliwapenda watu wale, na mwaka 1968, katika kijitabu chake cha Uhuru na Maendeleo, alisisitiza kwamba watu hujiendeleza wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama chao. Nasema kwa uchungu: tulifunga shule bora ya vikao tuliyokuwa nayo, kwa sababu wanakijiji wanaojiamulia huwatia hofu wakubwa waliozoea kutoa maagizo.

Ikaja operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kwa mamilioni. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kila kijiji mkutano mkuu wa watu wazima wote wenye miaka 18 na zaidi, pamoja na halmashauri ya wajumbe 25. Kwa maandishi, mama mjane na mzee wa ukoo walikuwa na haki sawa. Lakini mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kijiji, na mkutano ukageuka mahali pa kupokea maelekezo.

Tazama jinsi watu walivyokaa, na utaelewa. Wanaume kwenye mabenchi kivulini, karibu na meza. Wanawake chini kwenye kanga, nyuma, watoto mgongoni. Mbiu imepigwa kwa saa mbili asubuhi, kikao kinafunguliwa saa tano. Salamu za chama, wageni kutambulishwa, taarifa ya michango ya darasa. Ikifika saa saba akina mama wanaanza kunyanyuka mmoja mmoja, maana mtoni hakujaenda mtu na chakula hakijapikwa. Ugawaji wa mashamba umewekwa kwenye mengineyo. Hapo ndipo mwenyekiti anauliza, “Wanaoafiki?” na “Ndiyooo!” inayojibu ni ya mabenchi.

Kwa hiyo tulipopata Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, nilianza na vifungu ambavyo wengine walivipita haraka. Tume ya Profesa Issa Shivji ilikuwa imependekeza ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu. Serikali haikufika huko: usimamizi ulipewa halmashauri, ila haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Baraza la ardhi la kijiji likawekewa wajumbe 7, watatu wakiwa wanawake. Viti hivyo ndivyo vilivyosifiwa kwenye semina. Mimi nilisifu akidi: wajumbe wanne, na kati yao wanawake wasiopungua wawili.

Kiti cha mwanamke kinaweza kubaki kitupu na kikao kikaendelea; nimeshuhudia mara nyingi. Akidi hairuhusu hivyo. Katika kijiji kimoja shauri la mpaka lilisimama kwa sababu mjumbe mmoja mama alikuwa amelazwa na wa pili alikuwa shambani. Mwenyekiti, mtu mzima mwenye heshima zake, alipanda baiskeli kumfuata, na huko huko shambani mama akamwambia atakuja saa kumi, akishamaliza palizi. Wakakaa saa kumi. Tangu hapo baraza lile lilipanga vikao jioni, baada ya kuwauliza wanawake kwanza.

Mkutano mkuu wenyewe, unaoridhia hekta kwa mwekezaji, sheria ile haikuuwekea sharti kama hilo. Kule Kisarawe, vijiji vya Kidugalo na Vilabwa vilitunga sheria ndogo zao kuhusu ushiriki wa wanawake, kwa msaada wa wanasheria wanawake wa TAWLA. Ninazitaka sheria ndogo za namna hiyo Ruvuma, ziandikwe na wanakijiji wenyewe, na ardhi iwe ajenda ya kwanza, kabla ya saa saba.