Paka, Kipanga na Samaki: Historia Fupi ya Kuipima Zebaki

"Mwalimu, mkataba ukishatiwa saini, mto utajuaje?"

Swali hilo liliulizwa darasani Dzaleka, wilayani Dowa, na mwanafunzi ambaye baba yake alichimba dhahabu Kivu Kusini kabla familia haijakimbilia Malawi. Tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa Ibara ya 22 ya mkataba huo inauliza jambo lilo hilo: inataka ufanisi wake utathminiwe, pamoja na mambo mengine, kwa mwenendo wa zebaki ndani ya viumbe hai na miongoni mwa watu walio hatarini.

Kabla ya wataalamu walikuwapo paka. Huko Minamata, Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini tangu mwaka 1932 hadi 1968. Paka waliokula samaki wa ghuba ile walipepesuka na kurukaruka kama wenye wazimu, na baadhi yao wakafa baharini. Ugonjwa wa wanadamu ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi unatoka Uswidi. Wakulima wa huko walipanda mbegu zilizopakwa dawa yenye zebaki, na ndege wakafa mashambani. Watafiti wakaenda kwenye majumba ya makumbusho, wakapima manyoya ya ndege waliohifadhiwa kwa takribani miaka 100. Unyoya ukishakomaa haupokei tena damu, hivyo zebaki iliyoingia hubaki humo kama wino katika daftari. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1966 vilionyesha kwamba zebaki ilipanda ghafla katika miaka ya 1940, dawa ile ilipoanza kutumika. Ilipopigwa marufuku, manyoya mapya ya kipanga yakaonyesha kwamba imeshuka. Sheria ilipimwa kwa ndege, nayo ikafaulu.

Je, kwetu? Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Japani walipima samaki na nywele za watu katika maeneo ya dhahabu kando ya Ziwa Viktoria. Huko mchimbaji mdogo huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huchoma tonge lake ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Wengi walitarajia samaki wenye sumu nyingi, lakini samaki wengi walikutwa na kiasi kidogo. Baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno kwenye nywele hawakuwa hata wachimbaji, bali wavuvi na jamaa zao, na sababu iliyotajwa ilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Anayempima samaki peke yake angeandika kwamba mambo ni shwari, huku sumu ikiingia nyumbani kwa njia ya beseni la kuogea, na mvuke wa tonge ukiingia mapafuni mwa mchomaji.

Malawi nayo ni mwanachama wa mkataba, na ziwa lake lina kumbukumbu: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia zebaki katika mfuatano wa chakula wa Ziwa Malawi, kutoka viumbe wadogo hadi samaki walao wenzao. Zebaki huongezeka kila hatua, ndiyo maana usipa hawezi kulinganishwa na kampango, wala kampango mchanga na mzee. Atakayetaka kujua kama mkataba umefanya kazi itambidi arudi ziwani, avue samaki wa aina na ukubwa ule ule, apime upya, halafu awaulize watu wanaogea nini. Ripoti za vibali na forodha zinazoandikwa Lilongwe zina kazi yake, ila haziwezi kujibu swali hilo.

Nilimweleza hivyo mwanafunzi wangu. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna mtu amewahi kupima nywele za watu waliotoka machimboni na sasa wanaishi Dzaleka, baba yake akiwamo.