Tulichangia Wenyewe: Historia Fupi ya Mpira wa Mitaani Tanga



Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea habari za madarasa, zahanati na visima. Mwaka huu tumeona tuongeze jambo ambalo wengi wetu tumekulia ndani yake lakini hatujawahi kuliandikia hata ukurasa mmoja: mpira wa mitaani. Hatusemi ule wa Mkwakwani wenye tiketi na magazeti. Tunasema ule wa mchangani, wa vijana waliokwisha kumaliza shule, wanaoacha kazi za mchana na kukutana uwanjani saa kumi jua likipoa.

Tunaueleza kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna kitu kinachoonyesha vizuri kama mpira jinsi watu wa Tanga wanavyochangia jambo lao. Pili, viwanja vyake vinakwisha mbele ya macho yetu.

Mji wa reli na mkonge

Tanga tunayoijua ilijengwa na mambo mawili yaliyoanza mwaka mmoja. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandarini kwetu, ambayo ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 mkonge uliingia nchini kupitia Tanga ukitokea Florida, Marekani. Miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyofunika Muheza, Korogwe na Pangani. Kilele kilikuwa mwaka 1964, nchi ilipovuna zaidi ya tani 200,000.

Reli, bandari na mkonge vilihitaji watu. Wakaja Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju wa karibu. Wakaja pia manamba kutoka mbali, Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena na Warundi. Mji ukajaa vijana wenye nguvu, wasio na wazee wao karibu, wenye mshahara mdogo na jioni ndefu. Nyumba zao zikapangwa Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba hadi leo. Watu husema “Tanga, waja leo waondoka leo.” Ukweli ni kwamba wengi walikuja na hawakuondoka, na mpira ni mojawapo ya vitu vilivyowafanya wawe wenyeji.

Kabla ya mpira palikuwa na ngoma

Mpira haukuanzisha ushindani mjini kwetu. Aliyetangulia ni beni. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga miaka ya 1890 ilikuwa na bendi ya matarumbeta, na vijana wa mjini wakaichukua sauti ile wakaigeuza ngoma yao. Wakagawanyika pande mbili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na viongozi wake wenye vyeo, sare zake na mfuko wake. Mwanachama akifiwa, wenzake walimzika. Akiwa mgeni, walimpokea. Na upande mmoja ukishona sare mpya, upande wa pili haukulala usingizi mpaka nao umeshona.

Mpira wenyewe ulikuja kwa njia ya shule za misheni na watumishi wa serikali. Walimu waliosomeshwa Kiungani, Zanzibar, waliucheza huko na kuueneza katika shule za bara, zikiwemo za Bonde upande wa Magila. Ulipofika mjini ulikuta mitaa imeshazoea kujipanga. Kilichobadilika ni kwamba badala ya kushindana kwa matarumbeta, watu walishindana kwa magoli.

Ndipo ilipozaliwa African Sports mwaka 1936, mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa klabu inayoitwa leo Simba, na mwaka mmoja tu baada ya Yanga. Coastal Union ikafuata mwaka 1948. Wana Kimanumanu upande huu, Wagosi wa Kaya upande ule. Zote mbili ni za Ngamiani; mashabiki wake wamekaa nyumba moja, wamekula sinia moja na wamenuniana siku ya mechi.

Tukitazama nyuma tunaona Tanga imekwenda jozi jozi siku zote. Kwenye dansi palikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye taarabu palikuwa na Black Star na Lucky Star. Wageni wameuona ushindani huu kuwa ugomvi. Sisi tunasema ndiyo hazina yetu. Mtu ambaye hatoi shilingi kwa ajili ya maendeleo hutoa mara moja akisikia kwamba mtaa wa pili wameshatoa.

Ligi ya mchangani inavyoendeshwa

Chini ya klabu hizo mbili kubwa ndipo palipokua ligi zenyewe za ridhaa, mtaa kwa mtaa na shamba kwa shamba. Enzi za mkonge mashamba yalikuwa na timu zake, vilevile reli na bandari. Bei ya mkonge iliposhuka na mashamba yakadorora, timu za ajira zikapungua. Hapo wengi walidhani mpira umekwisha. Haukwisha, ulirudi mitaani ulikotoka.

Kwa wale ambao mmeondoka zamani, au watoto wenu waliozaliwa ugenini, tuwaeleze jinsi mambo yanavyokwenda. Kamati ya watu wachache hutangaza mashindano. Kila timu hulipa kiingilio. Fedha hiyo hununua mipira, hulipa waamuzi, chokaa ya kuchora mistari na zawadi. Zawadi inaweza kuwa mbuzi, jezi seti moja, au fedha kidogo. Ratiba hubandikwa kwenye ukuta wa duka. Timu nayo ina mchango wake: huyu analeta mpira, yule anafua jezi, mama mmoja anatoa ndoo ya maji, mwingine anamenya machungwa ya Muheza ya mapumziko. Mchezaji halipwi. Akiumia, kofia huzungushwa uwanjani pale pale.

Ugomvi wa kudumu ni wa mamluki. Timu ikiona fainali inakaribia huleta mchezaji kutoka wilaya nyingine na kumwita mpwa wa fulani. Kamati hukaa hadi usiku kuamua huyo mpwa kalala mtaani siku ngapi. Tunacheka, lakini humo ndani vijana wamejifunza kuandika muhtasari, kutunza daftari la fedha, kukata rufaa na kukubali kushindwa. Wengi wanaosimamia leo kamati za shule na za misiba kwetu walianza kushika kalamu kwenye timu.

Na njia ya juu ipo. Bingwa wa wilaya hupanda kucheza ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa hukutana na wa mikoa mingine. Baada ya hapo zinafuata ngazi za taifa hadi Ligi Kuu. Kijana aliyeonekana mchangani anaweza kufika Mkwakwani, na kutoka Mkwakwani anaweza kufika popote. Juma Mgunda aliichezea Coastal, baadaye akaifundisha, na mwaka 2022 akakabidhiwa timu ya Simba.

Tulipopanda na tuliposhuka

Mwaka 1988 Coastal Union ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Mji ulilala macho. Wapo kati yenu wanaoweza kutaja kikosi kile kwa majina hadi leo bila kukosea.

Miaka ishirini na minane baadaye tulipata funzo la upande wa pili. Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Timu zilizoshuka daraja msimu ule zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa zetu. Hakuna mkoa ungependa kuirithi habari hiyo.

Coastal ilirudi Ligi Kuu mwaka 2018. Mwaka 2022 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mjini Arusha, ikatoka sare ya 3-3 na Yanga na kushindwa kwa penalti. Msimu wa 2023/24 ilimaliza ligi ikiwa ya nne na kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Tunafurahi. Lakini tusijidanganye. Timu kubwa inaweza kusajili kutoka popote. Mti ukionekana una majani, haina maana mizizi yake iko salama. Mizizi ya mpira wa Tanga ni vile viwanja vya mtaani.

Uwanja haujitetei

Uwanja wa mita 100 kwa 64 una mita za mraba 6,400. Ukikatwa viwanja vya nyumba vya mita za mraba 400 kila kimoja, unatoa kumi na sita. Hesabu hiyo tunayoifanya sisi, na wengine wanaifanya. Mji unakua, ardhi inapanda bei, na eneo tupu lenye magoli ya miti halionekani kuwa na mwenyewe. Kwanza hujengwa kibanda kwenye kona. Kisha gari la mchanga humwaga mzigo karibu na goli. Baadaye mistari inasogezwa ndani, timu zinacheza saba saba badala ya kumi na moja, na siku moja vijana wanakuta msingi umechimbwa.

Hatumlaumu mtu mmoja. Uwanja ambao haumo kwenye ramani ya mipango miji, hauna mawe ya mipaka wala hati, hauna shahidi isipokuwa kumbukumbu za wazee. Na wazee wanaondoka. Ukipotea, haupotei kwa wanasoka peke yao. Hapo ndipo mabinti wanapochezea netiboli, hapo ndipo pa sherehe za Idi, mikutano ya mtaa, na mahema ya msiba mkubwa usioenea uani.

Kwa hiyo tunaomba sehemu ya michango ya mwaka huu iende kwenye viwanja. Hatuombi majukwaa wala nyasi bandia. Tunaomba mambo matatu yasiyopigwa picha nzuri: mpima ardhi aje apime, mawe ya mipaka yawekwe, na maombi ya kutambuliwa kwa eneo yafuatiliwe halmashauri mpaka karatasi itoke. Tukibakiwa na fedha, tutaweka magoli ya chuma na bomba la maji. Kila shilingi itasomwa kwenye mkutano mkuu kama ilivyo desturi yetu, na kamati za mitaa zitakuwa na wawakilishi wao kwenye usimamizi.

Wapo watakaouliza kwa nini mpira, wakati zahanati bado inahitaji dawa. Swali ni la haki, na mfuko wa zahanati haupunguzwi. Jibu letu ni kwamba dawa ikiisha mwaka huu tutachanga tena mwakani. Uwanja ukishajengwa nyumba kumi na sita hakuna mchango utakaourudisha.

Babu zetu wa Marini na Arinoti walichanga kutoka kwenye mishahara ya kibarua, wakashona sare wasizoziweza. Walioanzisha Sports na Coastal walichanga chini ya serikali ya kikoloni ambayo haikuwadai wala kuwasaidia. Sisi tumesoma zaidi yao na wengi wetu tunapata zaidi yao. Wana Kimanumanu, fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu hiki. Wagosi wa Kaya, nanyi pia. Tumeacha safu mbili kwa makusudi, na kwenye mkutano mkuu tutasoma kwa sauti upande upi umetoa zaidi.