Visikizi vimoja, vifaa vitatu: Jinsi ya kuviunganisha bila kuvujisha siri za nyumbani



Usiku mmoja baada ya swala ya isha, ndugu yangu alinipigia simu. Nikaipokea, nikaita "halo, halo" mara tatu, kimya. Nikadhani ni mtandao, kwa kuwa mtandao wetu tunaujua. Kumbe sauti yake ilikuwa ikienda chumba cha pili, masikioni mwa binti yangu wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amevaa visikizi vyangu akisikiliza somo lake katika tableti. Ndugu yangu naye ana haraka zake, hakungoja salamu. Hadi mtoto alipokuja mbio na kunikabidhi visikizi, ami yake alikuwa ameshataja deni analodaiwa, kiasi chake na jina la anayemdai. Hayo ni mambo ambayo hata mkewe hakuwa ameambiwa.

Visikizi havikuharibika. Vilifanya kile vilichoundwa kufanya, ila mimi mwenyewe sikujua vinavyofanya kazi. Tangu siku hiyo nimejifunza, na leo napenda kukugawia nilichojua. Ninaposema visikizi nakusudia vile vidogo visivyo na waya vinavyotiwa masikioni na kuhifadhiwa katika kasha la kuchajia. Mtaani vyote tunaviita AirPods, ingawa hilo ni jina la vile vya kampuni ya Apple peke yake.

Kuoanisha si kuunganisha

Visikizi hivi hutumia mawimbi ya Bluetooth. Jina hilo limetokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 anayesifika kwa kuyaunganisha makabila. Kwa kawaida mawimbi haya hufika umbali wa mita 10 hivi, na hupungua yanapokutana na kuta nene kama zile za mawe za Mji wa Kale. Nyumba nyingi hazizidi umbali huo, ndiyo maana simu iliyoko sebuleni huweza kuvipata visikizi vilivyoko chumbani.

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuoanisha ni kuvijulisha visikizi na simu kwa mara ya kwanza, vikabadilishana funguo za siri na kila kimoja kikamweka mwenzake katika kumbukumbu. Jambo hili hufanywa mara moja tu. Kuunganisha ni kule kukutana kwa kila siku: unafungua kasha, visikizi vinatafuta kifaa vinachokijua na kujishikiza hapo vyenyewe, bila kukuuliza. Aghalabu huanza na kifaa vilichokitumia mwisho.

Hivyo basi visikizi vinaweza kuwa vimeoanishwa na simu yako, simu ya mkeo, laptopu ya kazini na runinga ya sebuleni, lakini kwa wakati mmoja vikaunganishwa na kimoja au viwili tu. Ugomvi wote wa "mbona havishiki?" huanzia hapa.

Vyako ni vya aina gani?

Kabla ya kuhangaika, jua aina ya visikizi ulivyonavyo. Kuna aina tatu.

Aina ya kwanza hushika kifaa kimoja tu kwa wakati. Visikizi vingi vya bei nafuu viko hapa. Ukitaka kuhama kutoka simu hadi laptopu, ni lazima uviachishe kwa simu kwanza.

Aina ya pili hushika vifaa viwili kwa pamoja. Kwenye boksi huandikwa "Multipoint". Unaweza kuwa unasikiliza mawaidha katika laptopu, simu ikalia, mawaidha yakasimama na simu ikachukua nafasi. Simu hupewa kipaumbele daima. Hiki ndicho kilichonipata mimi: tableti na simu yangu zote zilikuwa zimeshikana na visikizi, simu ilipoingia ikainyang'anya tableti.

Aina ya tatu hufuata akaunti. AirPods, kuanzia mwaka 2020, huweza kuhama zenyewe kati ya iPhone, iPad na Mac zilizoingizwa akaunti moja ya Apple. Galaxy Buds za Samsung hufanya vivyo hivyo kwa simu na tableti zenye akaunti moja ya Samsung. Ukizitumia na kifaa cha kampuni nyingine, uhamaji huo wa wenyewe haupo. Zitashika kama visikizi vya kawaida.

Kuunganisha vifaa viwili

Kwa visikizi vya aina ya pili, fuata hatua hizi:

1. Vichaji vizuri na uvisogeze karibu na simu. Viweke katika hali ya kuoanisha. Vingine hufanya hivyo unapobonyeza kitufe cha kasha kwa sekunde kadhaa, vingine unapovitoa tu kwa mara ya kwanza. Taa itamweka.
2. Katika simu ya Android fungua Mipangilio, kisha Vifaa vilivyounganishwa, halafu Oanisha kifaa kipya. Chagua jina la visikizi vyako.
3. Sasa zima Bluetooth ya simu hiyo. Watu wengi huiruka hatua hii, kisha wakashangaa kwa nini laptopu haivioni.
4. Virudishe tena katika hali ya kuoanisha, na uvioanishe na laptopu au tableti.
5. Washa Bluetooth ya simu, gusa jina la visikizi, na vyote viwili vitashika.

Iwapo cha pili kinashika na cha kwanza kinaachia, huenda uwezo huo umezimwa. Kampuni kama Sony, JBL na Soundcore zina programu zao za simu ambamo huwashwa na kuzimwa. Pakua programu ya kampuni ya visikizi vyako, utafute mahali palipoandikwa vifaa viwili au "Multipoint". Humo humo utapata masasisho, na ni vyema kuyakubali kwani huziba pia mianya ya usalama.

Kwa visikizi vya aina ya kwanza, njia ni moja: unapomaliza na simu, gusa jina la visikizi katika Bluetooth na uvitenganishe, au zima Bluetooth kabisa. Kisha ndipo uviite kutoka laptopu. Huna haja ya kuvioanisha upya kila mara.

Kuzuia simu isiende usikotaka

Hapa ndipo penye moyo wa makala haya. Zipo njia nne, na zote nimezijaribu.

Ya haraka: ukipokea simu na husikii kitu, tazama skrini. Kuna alama ya spika au ya Bluetooth. Iguse, uchague simu yenyewe. Sauti itarudi mkononi mwako papo hapo. Lau ningelijua hilo usiku ule, siri ya ndugu yangu ingelisalia siri.

Ya kudumu katika Android: nenda kwenye Bluetooth, gusa alama ya gia kando ya jina la visikizi. Utaona swichi ya simu na swichi ya sauti ya muziki na video. Zima ya simu, acha ile nyingine. Tangu hapo utasikiliza Qur'ani au habari kwa visikizi, lakini mazungumzo ya simu yatabaki katika simu.

Kwa wenye AirPods na iPhone: AirPods zikiwa zimeunganishwa, fungua mipangilio yake, tafuta "Connect to This iPhone", uchague "When Last Connected to This iPhone". Fanya hivyo pia katika iPad wanayotumia watoto. Zitaacha kurukaruka kutoka kifaa hadi kifaa.

Ya mwisho ni kuzima ule uwezo wa vifaa viwili katika programu ya kampuni, ikiwa visikizi vinatumiwa na watu wawili nyumbani. Multipoint ni raha kwa mtu mmoja mwenye vifaa viwili. Kwa watu wawili ni fitina.

Jambo jingine: visikizi vingi vya bei nafuu huuzwa vikiwa na jina lile lile. Nyumba yenye vijana watatu inaweza kuwa na visikizi vitatu vyenye jina moja katika orodha. Badilisha jina la vyako katika mipangilio ya Bluetooth ya simu yako, ili usije ukagusa vya mtu mwingine.

Vikikusumbua

Sauti upande mmoja tu: rudisha vyote viwili kasheni, ufunge, usubiri kidogo, uvitoe pamoja. Angalia pia kama kisikizi cha upande huo kinapata chaji. Vumbi, chumvi na jasho la hapa kwetu pwani huziba zile pini ndogo za shaba. Zifute kwa kitambaa kikavu.

Sauti mbovu katika mkutano wa mtandaoni: laptopu inapotumia maikrofoni ya visikizi, mara nyingi Bluetooth hushusha ubora wa sauti ili iweze kupeleka na kupokea kwa pamoja. Katika programu ya mkutano chagua maikrofoni ya laptopu yenyewe, uache visikizi vifanye kazi ya kusikiliza tu.

Vimekataa kila kitu: anza upya. Kwanza vifute katika kila kifaa kwa kuchagua Sahau. Kisha virudishe katika hali ya kiwandani. Kwa AirPods zenye kitufe nyuma ya kasha, zitie ndani, funga kwa sekunde 30, fungua, halafu bonyeza kitufe kwa sekunde 15 hivi hadi taa imweke rangi ya kahawia-njano, kisha nyeupe. Vya kampuni nyingine vina utaratibu wao, nao umeandikwa katika kile kikaratasi cha ndani ya boksi tunachokitupa siku ya kwanza.

Unapouza au kununua vya mkono wa pili

Ukiuza au kumpa mtu visikizi vyako, vifute katika vifaa vyako vyote na uvirudishe katika hali ya kiwandani. Usipofanya hivyo, siku mkiwa baraza moja simu yako inaweza kujishikiza masikioni mwake. Vya Apple pia viondoe katika huduma ya Find My. Kwa mnunuzi, mwambie muuzaji afanye hivyo mbele yako kabla hujatoa pesa. Akishindwa au akianza maneno mengi, huenda mali si yake.

Dini yetu imetukataza kudukiza mambo ya watu, na Surat al-Hujurat aya ya 12 iko wazi juu ya hilo. Mtoto wangu hakudukiza, sauti ilimfuata alipo. Dhima ilikuwa juu yangu mimi niliyemwazima chombo bila kukijua. Nilimwita tukazungumza, naye akaahidi kuiweka amana ile, na hadi leo ameiweka. Kwa ndugu yangu nilikwenda mwenyewe nikamweleza yaliyotokea. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia afadhali nimemwambia kuliko angeligundua baadaye. Wiki ile ile akakaa na mkewe, akamweleza deni lake mwenyewe.

Jioni hii kabla hujalala, fungua Bluetooth ya simu yako, usome orodha ya vifaa vilivyomo. Kila usichokitambua, na kila ambacho si chako tena, kifute.

Wabillahi tawfiq.