Dawa ya shamba inafika paka kwenye barafu: namna wataalamu wanavyoisoma

Mkulima wa Kabare akipuliza dawa kwenye tomati yake asubuhi, harufu inafika kwa jirani mbele ya saa sita. Hiyo kila mtu anaijua. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba kuna dawa ambazo haziishii kwa jirani. Zinapanda na hewa, zinavuka bahari, na zimepatikana ndani ya barafu ya ncha za dunia, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kulima hata mstari moja wa maharagi.

Katikati ya miaka ya 1960 wataalamu walipima pengwini, wale ndege wa Antarctica wasioruka, wakakuta DDT katika miili yao. DDT ni dawa ya kuua wadudu iliyotumika sana duniani kisha Vita ya Pili, kwa pamba na kwa mbu. Ilifika kule namna gani? Dawa ya aina hiyo ikipata joto inageuka mvuke kidogo kidogo. Upepo unaibeba, ikikuta baridi inaanguka, joto likirudi inapanda tena. Inaenda hivyo kwa kurukaruka, sawa panzi, mpaka inafika mahali ambapo joto la kuiinua tena ni kidogo sana. Hapo inafunikwa na theluji. Theluji ya mwaka huu inalala juu ya ile ya mwaka jana, uzito unaikandamiza, inakuwa barafu yenye tabaka juu ya tabaka.

Ili kusoma tabaka hizo, watafiti wanatoboa barafu kwa mashine yenye bomba na kutoa kipande kirefu cha mviringo, kama mti. Katika laboratwari wanakata na kutupa sehemu ya nje, juu imeguswa na mashine na mikono. Ile ya ndani inayeyushwa, dawa inatolewa katika maji kwa kemikali nyingine, kiisha inaingizwa katika mashine inayotenganisha kila kitu na kupima uzito wa chembe zake. Kiasi chenyewe ni kidogo ajabu: mara nyingi sawa na gramu moja ndani ya tani milioni moja ya maji. Ndiyo maana wanahitaji barafu nyingi kwa kipimo kimoja, na jibu moja mara nyingi linafunika miaka kadhaa, si mwaka moja.

Kwenye visiwa vya Svalbard, huko kaskazini ya Norway, watafiti walikuta katika barafu dawa za zamani na pia zile ambazo zilikuwa bado zinauzwa, kati yake klopirifosi. Mwaka wa 2025, nchi zilizo katika Mkataba wa Stockholm ziliamua klopirifosi iondolewe duniani, isipokuwa kwa matumizi machache. DDT ilikuwa katika mkataba huo tangu utiwe sahihi mwaka wa 2001, na inaruhusiwa tu kwa kupigana na wadudu wanaoleta magonjwa kama malaria.

Barafu hiyo hiyo inaeleza pia hali ya hewa ya zamani. Ndani yake mna vipovu vya hewa ya wakati theluji ilipoanguka. Katika barafu ya Antarctica iliyotobolewa zaidi ya kilometa 3, wataalamu walisoma hewa ya miaka 800 000 nyuma. Katika muda wote huo gazi ya kaboni haikupita sana 300 katika kila sehemu milioni ya hewa. Leo imepita 420.

Na barafu ya Afrika? Mwaka wa 2000, kundi la mtaalamu Lonnie Thompson wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, lilitoboa Kilimanjaro mara 6. Walikuta tabaka ya vumbi ya miaka karibu 4 000 iliyopita, alama ya ukame mkali. Walionyesha pia kwamba tangu 1912 mlima ulikuwa umepoteza karibu asilimia 80 ya barafu yake. Vipande hivyo vinalindwa Ohio ndani ya frigo kubwa.

Karibu zaidi ni Rwenzori, ambayo wakaaji wa Mutwanga katika teritwari ya Beni wanaiona mawingu yakifunguka. Mwaka wa 1906 ilikuwa na barafu ya kilometa za mraba karibu 6 na nusu. Mwaka wa 2003 haikufika hata moja. Barafu ikiyeyuka, maji yanapita katikati ya tabaka na kuchafua hesabu, na sumu iliyolala inaweza kutoka tena. Mwaka wa 2008 watafiti walieleza kwamba DDT bado inafikia pengwini kupitia barafu inayoyeyuka.

Kwa watu wa Kivu kuna kitabu kingine: matope ya chini ya ziwa. Yanajipanga tabaka kwa tabaka vilevile. Katika ziwa Tanganyika, utafiti uliotolewa mwaka wa 2010 ulionyesha kwamba mwisho wa karne ya 20 maji ya juu yalikuwa na joto kupita wakati wowote wa miaka 1 500. Utafiti mwingine, wa 2003, ulisema joto hilo limepunguza chakula cha samaki kwa karibu asilimia 20. Mvuvi wa Uvira hahitaji mashine ili aelewe hiyo. Hata sambaza ya Bukavu asili yake ni Tanganyika. Ililetwa katika ziwa Kivu karibu na 1960.

Samaki wa Tanganyika upande wa Burundi walipimwa pia, na majibu yaliyotolewa mwaka wa 2002 yalionyesha mabaki ya DDT ndani yao. Samaki hana pasipoti: wa Bujumbura na wa Uvira wanakula katika maji yale yale.

Si kila dawa inasafiri hivyo. Pareto, ua lililolimwa kwa miaka mingi kwenye milima ya Kivu Kaskazini, linatoa dawa inayovunjika upesi juani. Lakini zile zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga pareto, kama sipametrini, zinakaa zaidi, na ni sumu kali sana kwa samaki. Kuosha pompi ya kupulizia mtoni ao kando ya ziwa kunaweza kuua samaki wengi kwa kiasi kidogo tu.

Mnunuzi sokoni Kadutu mara nyingine anakuta unga mweupe kwenye tomati. Mara nyingi ni dawa ya ukungu, na maji peke yake hayaondoi yote. Muda wa kungoja kati ya kupuliza na kuvuna umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, kwa Kifaransa: « délai avant récolte », pamoja na hesabu ya siku. Mkulima anayenunua dawa kwa kifuniko, ikamiminwa katika chupa ya maji, mstari huo haufiki kwake.