Cheti cha usalama wa mitandao: Anayojitayarisha akiwa Nachingwea au Ruangwa ajue nini

Na Mwandishi Wetu, Nachingwea

MSIMU wa korosho wa 2024/25 ulileta jambo jipya katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Minada ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya zabuni za karatasi ndani ya sanduku, ilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Bei ya jasho la mkulima sasa inapita mtandaoni. Halmashauri nazo hukusanya mapato na kulipana kwa mifumo ya kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayetunza taarifa za watu azilinde.

Walinzi wa mifumo hiyo ni wachache, na kijana anayeifahamu kompyuta ana sababu ya kutafuta cheti cha kitaalamu. Swali la kwanza ni cheti kipi.

Wengi hukimbilia CISSP kwa kuwa jina lake ni kubwa. Hapo ni kupanda mnazi kuanzia kileleni, maana hutolewa kwa mwenye uzoefu wa kazi wa miaka mitano. Asiye na uzoefu huo afadhali aanze na Security+ ya CompTIA. Toleo lake la SY0-701, lililotoka Novemba 2023, lina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 28, ni uendeshaji wa usalama wa kila siku: kusoma kumbukumbu za mfumo, kusimamia haki za watumiaji, kushughulikia shambulio. Vitisho na udhaifu wa mifumo vina asilimia 22.

Hata hivyo, haiwezekani kulinda usichokielewa. Mtahiniwa sharti kwanza ajue mtandao wenyewe: anwani za IP, kazi ya swichi na ruta, na kwa nini poti 22 ikiachwa wazi kwa dunia nzima ni sawa na kulala mlango ukiwa haujakomewa. Anayeruka hatua hii huishia kukariri, na maswali ya vitendo, ambayo mara nyingi huja mwanzoni mwa mtihani, humwumbua. Maswali hayo yanaweza kurukwa na kurudiwa baadaye, jambo ambalo wengi hulisahau wakapoteza nusu saa.

Maabara si lazima iwe ya gharama. Kompyuta moja iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8, inatosha kuendesha kompyuta mbili za kufikirika kwa programu ya VirtualBox. Packet Tracer ya Cisco huonyesha ruta na swichi kwenye skrini. Wireshark huonyesha kila pakiti inayopita. Zote hupatikana bure, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti kila wakati. Faida hiyo si ndogo kwa anayenunua kifurushi kwa shilingi za kuhesabu.

Lakini mazoezi yaishie kwenye vifaa vyako. Kujaribu nywila za ofisi au za jirani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua Sh milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nao wanaouza maswali yaliyoibwa wanauza hasara tu: CompTIA hufuta matokeo ya anayebainika kuyatumia.

Mahali pa kufanyia mtihani pia panahitaji hesabu. Unaweza kuufanya nyumbani mbele ya kamera, katika chumba kisicho na mtu mwingine, simu wala karatasi. Mawasiliano yakikatika, mtihani unaweza kuishia hapo. Njia nyingine ni safari ya zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Mei 2024 ilikuwa mfano mbaya wa yote mawili. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu eneo la Somanga, Kilwa, na Mei 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchini. Anayeishi kusini asipange tarehe katikati ya masika, wala asifike Dar es Salaam asubuhi ya mtihani.

Jina la usajili lazima lilingane na la kitambulisho. Likitofautiana, mtahiniwa anaweza kuzuiwa kuingia. Akishindwa, anaruhusiwa kurudia bila kusubiri, ila jaribio la tatu hungoja siku 14, na kila mara analipa upya. Cheti hudumu miaka mitatu.