Delamere Si Yogati Tu

Basi la Lodwar kwenda Nairobi hupita Naivasha, pale Delamere ambapo magari mengi husimama watu wanunue yogati na kwenda msalani. Niliwauliza marafiki zangu wa Kakuma hilo jina ni la nini. Kampuni, wakasema. Zii. Ni cheo, tena cha kurithiwa.

Kilitolewa Uingereza mwaka 1821, kwa Thomas Cholmondeley wa Cheshire. (Linatamkwa "Chamli", usiniulize kwa nini.) Baroni wa tatu, Hugh, alikirithi 1887 akiwa na miaka 17. Miaka kumi baadaye akatokea Somalia na ngamia, akavuka kaskazini kavu kama huku kwetu hadi Laikipia. Ukame hakuutaka, alitaka nyasi. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ikamkodishia ekari 100,000 kule Njoro, kwa miaka 99. Mwaka uliofuata Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba, na Soysambu, shamba ambalo ukoo wake unalo hadi leo, liko humo humo.

Sasa, shamba na cheo ni vitu viwili. Shamba unaweza kumwachia yeyote. Cheo huwezi kukiuza wala kukiandika kwenye wosia; hati ya mfalme ndiyo huamua, nayo ilisema wazao wa kiume. Baroni wa tano alifariki 2024. Mwanawe wa pekee, Tom, alikuwa ametangulia 2016, kwa hiyo cheo kiliruka kizazi kikamwangukia mjukuu. Anaitwa Hugh, kama babu.

Mturkana hashangai. Kwetu, baba akiwa wa Mawe, Ngimoru, mwanawe huwa wa Chui, Ngirisae, na mjukuu hurudi upande wa babu.

Ila tusiwacheke mapema. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika 1981, inahesabu mabinti na wavulana sawa. Poa. Lakini mtu akifa bila wosia, mifugo na ardhi ya kilimo katika wilaya kadhaa, Turkana ikiwemo, viliachiwa mila. Na huku mali ni nini kama si mifugo? Binti wa ukoo wa Delamere hukosa cheo, lakini shamba anaweza kuandikiwa. Dada yangu wa Kakuma hukosa mbuzi wenyewe, wale wale aliowachimbia maji mtoni tangu akiwa mdogo.