Rangi ya gato ya ndoa: kutoka shamba mpaka makaa ya mawe

Wandugu, kila Jumamosi mu mji wetu kuko ndoa, na mu kila ndoa kuko gato. Watu wanapiga picha, wanakata, wanakula, na hakuna anayeuliza ile rangi imetoka wapi. Mimi nilisoma agronomia, si upishi. Lakini wadada wengi tuliomaliza nao lisansi leo wanaishi kwa kutengeneza gato, juu kazi ya ofisi haikupatikana. Kwa kuwasaidia kukanda, nikaanza kutafuta historia ya ile kitu tunakanda. Nikakuta ni historia ya mashamba, na tena ya sumu.

Ninaongelea fondanti, ile ganda laini la sukari linalofunika gato. Inakandwa kama unga wa chapati, inasukumwa mpaka inabaki na unene wa milimita 3 ao 4, kisha inatandikwa juu ya gato kama shuka. Babu yake ni wa zamani sana. Mu mwaka wa 1555, kule Venice, kilitoka kitabu cha siri za ufundi chenye jina la Alessio Piemontese. Ndani yake kuko namna ya kuchanganya sukari iliyosagwa na utomvu unaoitwa tragakanti, maji ya waridi na ute wa yai, ili kufinyanga sahani na vikombe ambavyo wageni watakula kisha chakula. Inasimuliwa kama mwaka wa 1574, wakati mfalme Henri III wa Ufaransa alipita Venice, alishika kitambaa cha mezani kikavunjika mkononi: kilikuwa sukari.

Hapa mwanakilimo ndani yangu anaamka. Tragakanti ni utomvu wa vichaka vya Astragalus, vinavyoota milima mikavu ya Iran na Uturuki. Wanakata shina na mizizi, utomvu unatoka, unakauka. Na Astragalus iko jamaa moja na maharagi yetu! Bila ule utomvu, sukari ni unga tu, haishikamane. Fondanti ya leo, ile waokaji wa Australia waliijengea jina katikati ya karne ya 20, inashikamana kwa jelatini, inalainishwa na glukosi na gliserini. Maua ya juu yanatiwa unga wa selulosi iliyotengenezwa, unaofanya kazi ya tragakanti kwa bei ndogo.

Basi rangi. Zamani ilikuwa paka shamba: zafarani kwa manjano, maji ya spinachi kwa kijani. Nyekundu njo ilikuwa ya mali. Ilitoka Mexico, mu kadudu kadogo kanakoishi juu ya kaktasi. Wanakusanya majike, wanakausha, wanasaga. Kwa kilo moja unahitaji wadudu karibu 150 000. Wahispania walitajirika nayo kwa miaka mingi. Leo mu kopo imeandikwa E120, na wengi wanakula bila kujua ni mdudu. (Sisi tunaokula senene na nkusu, hatuna la kushangaa.)

Shida ilikuja wakati sukari ilishuka bei na bonbon zikafika kwa masikini. Zafarani haikushuka. Wauzaji wakatafuta rangi ya bei rahisi, wakaipata kwa wachora picha: risasi na zebaki kwa nyekundu, shaba kwa kijani. Mwaka wa 1820, Friedrich Accum, mkemia Mjerumani aliyekaa London, aliandika kitabu akaonyesha hizo sumu ndani ya vyakula, mpaka bonbon za watoto. Alitaja hata majina ya wafanyabiashara. Unaweza kuwaza kama alipendwa.

Sheria haikuja. Ilingoja vifo. Mwaka wa 1858, mu mji wa Bradford, mtengeneza bonbon alituma mtu kununua unga mweupe wa bei rahisi, ule walizoea kuongeza ili kupunguza sukari. Mu duka la dawa wakakosea pipa, wakampa arseniki. Ikakandwa pamoja na sukari na utomvu, karibu sawa na ile tunakanda sisi, ikauzwa sokoni. Watu kama 20 wakafa, zaidi ya 200 wakaugua. Mahakamani hakuna aliyepatikana na kosa, juu sheria yenyewe haikuwepo. Kisha miaka miwili, mu 1860, Uingereza ikapata sheria yake ya kwanza ya jumla juu ya vyakula vilivyochanganywa.

Miaka miwili mbele ya Bradford, kitu kingine kilitokea, na hiki kinatugusa sisi watu wa Kivu. William Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa London akitafuta kutengeneza kinini, dawa ya malaria, kwa kutumia mabaki ya makaa ya mawe. Kinini inatoka mu ganda la mti wa kinkina, ule ule unaolimwa huku kwetu na kusindikwa Bukavu. Akashindwa kupata kinini, akapata rangi ya zambarau. Kutoka pale rangi za makaa ya mawe zikajaa dunia, mu nguo kwanza, kisha mu chakula. Karibu makopo yote ya jeli tunayotumia leo ni watoto wa ule ukoo, hata kama sasa zinatengenezwa na petroli.

Mu 1907 Marekani iliruhusu rangi 7 tu za namna hiyo. Mu 1950 watoto waliugua kwa bonbon zenye moja kati ya zile 7, rangi ya chungwa nambari 1, na ikatolewa. Nyekundu nambari 2, inayoitwa amaranti (haina undugu wowote na lengalenga), ikakatazwa kule 1976. Mu 2022 Ulaya ilikataza E171, ile inafanya fondanti kuwa nyeupe kabisa. Na Januari 2025 Marekani ikaamua kuondoa nyekundu nambari 3, njo E127.

Sasa turudi jikoni, juu hapa njo kosa la wingi linaingia. Rangi ya maji inayeyusha sukari, fondanti inanata. Tumia jeli, kidogo kidogo kwa kijiti cha meno, ukande. Nyekundu na nyeusi zinadanganya: ukiona bado haijakolea, usiongeze. Funga mu plastiki, ngoja mpaka kesho, itakolea yenyewe. Kwa nyeusi, anza na fondanti iliyokandwa na kakao, utahitaji rangi kidogo sana. Anayelazimisha kwa saa moja anatia mara tatu, gato inakuwa chungu na ulimi wa bibi arusi unakuwa mweusi mu picha zote.

Na ile nimeona sokoni: kifuko cha unga mwekundu, hakina jina la kiwanda, hakina nambari ya E, kimewekwa karibu na rangi ya kupaka mikeka. Muuzaji anasema ni ya gato. Bei yake iko chini mara nne. Wadada, muulize nambari. Kama haiko, mrudishe, hata kama ndoa ni kesho na muteja anataka nyekundu: beti-ravu iliyokaushwa na kusagwa inatoa waridi nzuri, na tunailima hapa hapa.